Mikondo Iliyogeuka Ndani ya Saa Nne: Uchambuzi wa Kisa cha V404 Cygni, Juni 2015

Tarehe 22 Juni 2015, madishi ya VLBA yalielekezwa kwa muda wa saa nne kwenye V404 Cygni, mfumo wa nyota ulio umbali wa takriban miaka ya nuru 7,800 kutoka hapa tulipo. VLBA ni mtandao wa madishi 10 ya redio, kila moja likiwa na kipenyo cha mita 25, yaliyotawanyika kutoka Hawaii hadi Visiwa vya Virgin katika Karibi, na data zake huunganishwa ili madishi hayo yafanye kazi kama darubini moja yenye upana wa zaidi ya kilomita 8,600. Wiki moja kabla ya siku hiyo mfumo huo ulikuwa umeamka baada ya kimya cha miaka 26, ukaanza kumwaga eksirei na mawimbi ya redio kwa nguvu iliyowafanya wanaastronomia wa mabara yote wageuze darubini zao upande huo. Kikundi cha watafiti kilichoongozwa na James Miller-Jones wa Chuo Kikuu cha Curtin, Australia, kilitarajia kuichora mikondo ya maada inayorushwa kutoka kando ya shimo jeusi lililomo ndani ya mfumo huo. Data za saa nne zilipogeuzwa kuwa picha moja kwa njia iliyozoeleka, kilichopatikana kilikuwa waa.

Maelezo ya waa hilo yalichapishwa katika jarida la Nature mwezi Aprili 2019, na ndicho kisa ninachokichambua hapa. Vifaa vilifanya kazi yake vizuri. Kilichovunjika ni sharti moja ambalo hesabu za picha za redio hulichukua kimyakimya, yaani kwamba kinachopimwa angani kinatulia hadi upimaji umalizike. Mtu anayejifunza astronomia ya redio nchini Uganda leo, ambako data nyingi atakazozitumia zimepimwa na madishi yaliyo katika nchi nyingine, anahitaji kulifahamu sharti hilo kwa undani, kwa kuwa yeye hukutana na data baada ya maamuzi mengi kuwa yamekwisha kufanywa na wengine.

Nilikisoma kisa hiki mjini Mbarara pamoja na wanafunzi wa fizikia na walimu wachache wa sekondari. Mji huu una Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, ambako astrofizikia inafundishwa na kutafitiwa, na katika mikutano yetu tunazungumza Kiswahili kwa sababu baadhi yetu tumetoka Arua, wengine Busia, wengine Kampala. Sehemu kubwa ya hisabati tuliyoihitaji inaanzia kwenye mwingiliano wa mawimbi ambao mwanafunzi yeyote wa fizikia hukutana nao akiwa S.6, mwaka wa mwisho wa sekondari.

Mfumo wenyewe

V404 Cygni imo katika kundinyota la Dajaja, ambalo kwa Kilatini huitwa Cygnus. Ndani yake kuna shimo jeusi lenye masi ya takriban mara 9 ya Jua, na nyota ya kawaida, nyepesi kuliko Jua letu na yenye joto la chini kidogo, ambayo hulizunguka shimo hilo kila baada ya siku 6.5 hivi. Vitu hivyo viwili vimekaribiana kiasi kwamba mvutano wa shimo jeusi huinyonya gesi kutoka kwenye uso wa nyota. Gesi hiyo haiangukii shimoni moja kwa moja, kwa kuwa imebeba mzunguko wa obiti. Hujikusanya kwanza katika diski yenye upana wa takriban kilomita milioni 10. Kwa miaka mingi gesi huongezeka polepole na diski hubaki baridi na tulivu. Inapofikia hali ya kutoweza kutulia tena, hupata joto ghafla, gesi hukimbilia ndani, na mlipuko huonekana. Milipuko ya namna hiyo ilionekana mwaka 1938, ambapo nyota ilidhaniwa kuwa nova ya kawaida, yaani nyota inayong'aa ghafla kisha kufifia, kisha mwaka 1989 na mwaka 2015.

Umbali wa mfumo huu tunaujua vizuri kuliko wa mifumo mingi ya jamii yake, na tunaujua kwa redio: mwaka 2009 ulipimwa kwa paralaksi, yaani kwa kufuatilia jinsi chanzo kinavyoonekana kusogea kidogo angani Dunia inapolizunguka Jua. Jambo hili lina uzito katika kisa chetu, kwa kuwa bila umbali hakuna namna ya kugeuza mwendo wa pembe angani kuwa mwendo wa kilomita kwa sekunde.

Naongeza jambo moja ambalo wanafunzi wa Afrika Mashariki wanastahili kulijua. Elimu ya mifumo hii ilipata msukumo mkubwa kutoka pwani yetu. Satelaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kuchunguza eksirei za anga ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi nchini Kenya, ikaitwa Uhuru kwa sababu siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Ni satelaiti hiyo iliyoonyesha kwamba vyanzo vingi vya eksirei katika galaksi yetu ni nyota mbili zilizofungamana, mojawapo ikiwa imekwisha kufa na kugandamana.

Kwa nini picha ilikataa

Dishi moja la redio haliwezi kuona vitu vidogo kiasi hicho. Mtandao wa madishi hufanya kazi kwa jozi: kila madishi mawili hupokea wimbi lilelile kwa tofauti ndogo ya muda, mawimbi hayo huunganishwa, na matokeo yake ni kipimo kimoja cha umbo la chanzo katika mwelekeo mmoja na kwa kiwango kimoja cha udogo. Madishi 10 hutoa jozi 45. Vipimo 45 havitoshi kuchora picha yoyote yenye maelezo, kwa hiyo waangalizi hutegemea mzunguko wa Dunia: kadiri saa zinavyopita, kila jozi hugeuka ikitazamwa kutoka kwenye chanzo, hivyo hutoa kipimo kipya, kisha kingine, hadi vipimo vifikie maelfu. Baadaye programu huvikusanya vipimo vyote na kutafuta picha moja inayovieleza. Kipimo cha saa ya kwanza na kile cha saa ya nne huhesabiwa kuwa vimetoka kwa kitu kilekile, chenye umbo lilelile na mwangaza uleule.

Kwa galaksi ya mbali sharti hilo halina shida; saa nne mbele ya miaka milioni si kitu. Kwa V404 Cygni hesabu inabadilika, na ni hesabu ambayo mwanafunzi anaweza kuifanya mwenyewe kwenye karatasi. Donge la maada likienda kwa nusu ya mwendo wa nuru, kukingama na mstari wetu wa kulitazama, hupita kilomita milioni 540 kwa saa. Kwa umbali wa miaka ya nuru 7,800, mwendo huo unaonekana kama pembe ya sekunde ya tao 0.0015 kwa saa (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya digrii), au sekunde ya tao 0.006 kwa saa nne. Uwezo wa VLBA kutenganisha vitu viwili, kwa mawimbi yenye urefu wa sentimita 2, ni karibu sekunde ya tao 0.0005. Maana yake ni kwamba donge moja linaweza kusogea zaidi ya mara kumi ya kitu kidogo kabisa ambacho darubini inakiona, kabla ya upimaji kumalizika. Juu ya hayo, mwangaza wa redio wa mfumo ulikuwa ukipanda na kushuka kwa kiasi kikubwa ndani ya saa hizohizo, na kwa hiyo hata kama madonge yangesimama, sharti la mwangaza lingekuwa limevunjika peke yake.

Ni rahisi kudhani kwamba matokeo ya kuvunja sharti hilo ni ukungu tu, kama picha ya mtoto aliyetikisika mbele ya kamera. Ndivyo baadhi yetu tulivyodhani. Mwanafunzi mmoja akaandika programu fupi kwenye kompyuta yake mpakato: madishi 10 yaliyowekwa kwenye ramani, nukta moja ya redio inayosogea kwa mstari mnyoofu huku mwangaza wake ukipungua, na upimaji wa saa nne. Tuliposogea karibu na kioo kuitazama picha iliyotoka, kulikuwa na mchirizi hafifu mahali nukta ilipopita, lakini kando yake kulikuwa pia na mabaka mawili yenye nguvu, upande ambao hatukuweka kitu chochote. Alipoongeza saa za upimaji, akiamini kwamba data zaidi zingeyafuta, mabaka yalihama mahali lakini hayakupungua. Mzizi wa tatizo ni kwamba kila saa jozi zinakuwa zimepima umbo tofauti, na programu, kwa kuwa imeambiwa kwamba umbo ni moja, inalazimika kubuni mng'ao mahali pengine ili hesabu zilingane. Picha ya namna hiyo ni ya hatari kuliko ukungu, kwa maana mtu asiyejua anaweza kuyapa mabaka hayo jina na kuyaandikia makala.

Vipande 103

Suluhisho la watafiti lilikuwa kuacha kutafuta picha moja. Waliigawa data katika vipande 103, kila kimoja cha takriban sekunde 70, wakakichambua kila kipande kana kwamba ni upimaji unaojitegemea, kisha wakavipanga kwa mfuatano kama filamu. Katika sekunde 70 donge letu la nusu ya mwendo wa nuru husogea sekunde ya tao 0.00003 tu, kiasi ambacho VLBA haiwezi kukitambua, na kwa hiyo sharti la utulivu linatimia tena.

Gharama yake ni kubwa. Kipande cha sekunde 70 hakipati faida ya mzunguko wa Dunia. Kinabaki na jozi 45 kwa wingi wake. Huwezi kuchora picha huru kwa vipimo hivyo. Inakubidi useme mapema kwamba chanzo ni nukta chache, kisha uulize nukta hizo ziko wapi na zina mwangaza gani. Watafiti, kwa maneno mengine, waliacha sharti moja na kukubali jingine.

Hapo ndipo mjadala wetu ulipochukua muda mrefu zaidi. Binti mmoja wa mwaka wa tatu aliuliza, "Mwalimu, kama wameiambia programu itafute nukta, na programu ikaleta nukta, tutajuaje kwamba hawajachora walichotaka kukiona?" Nilimwambia kwamba swali lake ndilo mtahini wa kweli wa makala yote, na nikamwomba alijibu yeye mwenyewe kwa kutazama ni nini ambacho hakikuwekwa katika hesabu. Alirudi kwenye makala, akasoma, na baadaye akatueleza vizuri kuliko ambavyo ningeeleza mimi. Kila kipande huchambuliwa bila kukijua kipande kilichotangulia. Kama nukta zingekuwa zimebuniwa na kelele za vipimo, zingerukaruka ovyo kutoka kipande hadi kipande. Kinachoonekana badala yake ni nukta zinazofuatana katika mistari minyoofu, kwa mwendo usiobadilika, na mistari hiyo ukiirudisha nyuma inakutana kwenye kitovu kimoja. Unyoofu huo haukuombwa na mtu. Umejitokeza wenyewe katika vipimo vilivyotenganishwa.

Kuna pia tatizo la hewa. Unyevu ulio juu ya kila dishi huchelewesha wimbi kwa kiasi kisicholingana na cha dishi jingine, na unyevu huo hubadilika kwa dakika, jambo linaloweza kufanya chanzo kizima kionekane kimehama. Lakini uhamisho wa aina hiyo huyasogeza madonge yote pamoja, kwa umbali uleule na upande uleule, hali madonge halisi kila moja lina njia yake. Kwa hiyo tofauti kati ya mwendo wa pamoja na mwendo wa kila mmoja inaweza kutengwa na kusahihishwa. Nadhani hii ndiyo sehemu nzuri kuliko zote katika kisa hiki, ingawa watangazaji wa habari za sayansi waliiruka.

Matokeo yalikuwa haya. Katika saa hizo nne mfumo ulirusha madonge mengi, mengine upande wa kaskazini na mengine upande wa kusini, na kila donge lilishika njia yake bila kupinda. Njia zenyewe, hata hivyo, hazikuelekea upande mmoja: kati ya donge moja na jingine mwelekeo ulitofautiana, na kwa ujumla ulitanda zaidi ya digrii 30 angani. Mabadiliko hayo yalitokea kwa kipindi cha dakika hadi saa chache.

Ni muhimu msomaji aone kwamba hakuna mkondo uliopinda ukiwa njiani. Kila donge lilikwenda sawasawa na upande lilikorushwa. Kilichogeuka ni mrushaji.

Kinachoyumba ni kipi

Wanaastronomia walikuwa wamekwisha kuona mikondo inayoyumba. Mfano ulio maarufu kuliko yote ni mfumo wa SS 433, katika kundinyota la Ukabu, ambayo mikondo yake huenda kwa karibu asilimia 26 ya mwendo wa nuru na kuzungusha mwelekeo wake kwenye umbo la pia (koni) lenye nusu pembe ya digrii 20 hivi, ikimaliza mzunguko mmoja kila baada ya siku 162. Uyumbaji huo ulitambuliwa mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa kutazama jinsi mistari ya nuru yake inavyohama kwenda upande wa wekundu na kurudi upande wa samawati, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 darubini ya VLA huko New Mexico ikaonyesha mikondo yenyewe ikiwa imejisokota angani. Katika saa nne mhimili wa SS 433 husogea chini ya nusu digrii. Mwangalizi wa SS 433 anaweza kuupuuza uyumbaji anapochora picha ya siku moja. Mwangalizi wa V404 Cygni hawezi.

Tofauti hiyo ya kasi inatuambia kwamba chanzo cha uyumbaji si kimoja. Kipindi cha siku 162 ni kirefu kuliko obiti ya SS 433, ambayo ni siku 13, na kinaweza kuelezwa kwa nguvu zinazoigeuza diski pana au nyota mwenzake. Kipindi cha dakika hakiwezi kutoka kwenye obiti ya siku 6.5 wala kwenye diski nzima ya kilomita milioni 10. Lazima kitoke karibu sana na shimo jeusi.

Maelezo waliyoyapendekeza watafiti yanatokana na hesabu zilizofanywa na Josef Lense na Hans Thirring mwaka 1918, miaka michache baada ya Einstein kukamilisha nadharia yake ya jumla ya uhusianifu. Kitu chenye masi kinapozunguka mhimili wake, huiburuta nafasi inayokizunguka. Kama diski ya gesi imelala kwa pembe isiyolingana na mzunguko wa shimo jeusi, kuburutwa huko huifanya iyumbe. Nguvu ya athari hii hupungua kwa mchemraba wa umbali: ukiwa mbali mara mbili, athari ni moja ya nane. Ndiyo maana sehemu ya ndani tu ndiyo inayohusika. Kuzunguka Dunia yetu athari hiyo ni ndogo mno; chombo cha Gravity Probe B, ambacho matokeo yake yalitolewa mwaka 2011, kilipima sekunde ya tao 0.037 kwa mwaka mzima. Kando ya shimo jeusi la V404 Cygni tunazungumzia makumi ya digrii ndani ya saa chache.

Hata hivyo bado kuna kikwazo, nacho ni kwamba diski nyembamba isingeyumba pamoja kama kitu kimoja. Kila pete ya gesi ingeyumba kwa kasi yake na diski ingepinda au kuchanika. Hapo hali ya Juni 2015 inasaidia. Gesi iliyokuwa ikiingia ilizidi kikomo cha Eddington, yaani kiwango ambacho msukumo wa nuru inayotoka unalingana na mvutano unaoivuta gesi ndani. Nuru nyingi kiasi hicho huivimbisha sehemu ya ndani ya diski, ile ya kilomita elfu chache za mwanzo, ikawa nene, na gesi nene huweza kupashana habari za shinikizo haraka vya kutosha kuyumba kwa pamoja. Sehemu hiyo iliyovimba ama hurusha mikondo yenyewe, ama huielekeza ikishatoka. Makala hayaamui kati ya mawili hayo, na ni sahihi kutoamua.

Lazima hapa nitenganishe mambo, kwa kuwa watu huyachanganya. Kilichoonwa ni madonge yanayorushwa kwa mielekeo inayobadilika upesi. Kwamba mabadiliko hayo ni uyumbaji wa mhimili unaojirudia kwa kipindi maalumu ni tafsiri ya modeli, inayopatana na data. SS 433 tumeishuhudia ikirudia mzunguko wake kwa zaidi ya miaka arobaini, na kipindi chake kimehesabiwa. V404 Cygni ilipata mlipuko uliodumu takriban wiki mbili, na VLBA iliutazama kwa saa chache. Mimi nayakubali maelezo ya Lense na Thirring, kwa sababu sioni kitu kingine katika mfumo huo kinachoweza kugeuka haraka kiasi hicho, lakini ninayakubali kama hoja iliyojengwa, nisingewaandikia wanafunzi kwamba yamepimwa.

Nyota ya tatu

Hoja hiyo ina mguu mmoja ambao mwaka 2024 ulitikiswa. Ili diski iyumbe, lazima mhimili wa shimo jeusi uwe umeinama ukilinganisha na obiti. Kwa nini uiname? Jibu lililotolewa, na ambalo lilionekana kuwa la kawaida, ni kwamba supanova iliyolizaa shimo jeusi haikulipuka kwa usawa pande zote, ikaupiga mfumo teke na kuuacha umepinda.

Mwaka 2024 watafiti waliokuwa wakitumia vipimo vya Gaia, satelaiti iliyopima mahali na mwendo wa nyota, walionyesha kwamba nyota moja hafifu, iliyokuwa ikionekana kando ya V404 Cygni na kudhaniwa kuwa imejikuta tu katika mstari uleule, kwa kweli husafiri nayo angani. Ipo mbali na zile mbili kwa angalau mara 3,500 ya umbali wa Dunia na Jua, na obiti yake huchukua takriban miaka 70,000. Nyota iliyofungwa kwa mvutano dhaifu kiasi hicho ingeng'oka kama shimo jeusi lingezaliwa kwa teke kubwa. Hesabu zao zinaruhusu teke la chini ya kilomita 5 kwa sekunde. Huenda nyota ya mwanzo iliporomoka karibu kimyakimya.

Matokeo haya hayafuti madonge ya mwaka 2015. Njia zake ziko palepale katika data, na yeyote anaweza kuzirudia hesabu. Kinachodhoofika ni simulizi ya asili ya mwinamo. Katika kikundi chetu wapo waliosema kwamba basi mwinamo haupo na maelezo ya Lense na Thirring yaanguke. Kwa maoni yangu hiyo ni haraka mno. Teke dogo linaweza kuambatana na mwinamo uliotokana na sababu nyingine, kwa mfano nyota za awali kutozaliwa na mihimili sambamba, na pia nyota ya tatu yenyewe inaweza kuipindisha obiti ya ndani polepole kwa muda mrefu. Zaidi ya hayo tunajua kwamba mwinamo mkubwa unawezekana katika mifumo ya jamii hii: mwaka 2022 kikundi kilichoongozwa na Juri Poutanen kilionyesha kwamba katika MAXI J1820+070 mhimili wa shimo jeusi umeinama kwa angalau digrii 40 kutoka mhimili wa obiti. Walilijua hilo kwa kulinganisha mwelekeo wa mikondo ya redio na polaraizesheni ya nuru ya mfumo huo, yaani mwelekeo ambao mawimbi ya nuru hiyo hutikisika.

Kilichobaki kupimwa

Mlipuko ujao wa V404 Cygni utahitaji mambo mawili ambayo ule wa 2015 haukuyapata. La kwanza ni upimaji mrefu usiokatika, wa siku kadhaa mfululizo, ili uonekane kama mielekeo ya madonge inajirudia au la. Mtandao ulio upande mmoja wa Dunia hauwezi kufanya hivyo, kwa kuwa chanzo kikishazama upimaji umekwisha. Inahitajika mitandao inayopokezana kutoka bara hadi bara, na katika mnyororo huo Afrika ina pengo linalojulikana: kati ya dishi la mita 26 la Hartebeesthoek nchini Afrika Kusini na madishi ya Ulaya, jozi za urefu wa kati ni chache mno. Ghana imeanza kuliziba kwa kuligeuza dishi la mawasiliano la mita 32 la Kuntunse kuwa darubini ya redio. Uganda haimo katika orodha ya nchi washirika wa Afrika katika SKA, mradi wa kimataifa wa darubini kubwa ya redio, ingawa Kenya imo, na nasikitika kuhusu hilo kwa sababu ya kijiografia iliyo wazi. Kutoka Mbarara V404 Cygni hupanda hadi digrii 55 hivi juu ya upeo wa kaskazini. SS 433, mwishoni mwa Septemba saa mbili usiku, hupita chini ya digrii 6 kutoka utosini. Na Circinus X-1 ya kusini, ambayo mikondo yake yenye umbo la herufi S imechorwa na madishi 64 ya MeerKAT huko Karoo, nayo huonekana kutoka hapa. Ni sehemu chache zinazoiona mifumo yote mitatu vizuri, na mawingu yetu ya msimu wa mvua hayayazuii mawimbi ya sentimita 2 kwa kiasi cha kukatisha kazi.

MeerKAT peke yake isingeweza kuyatenganisha madonge ya 2015, kwa kuwa madishi yake yamesambaa kilomita 8 tu. Lakini madishi 64 hutoa jozi 2,016, na hizo zinatosha kuchora picha yenye maana hata kwa kipande kifupi, bila kuamua mapema kwamba chanzo ni nukta chache. Hifadhi ya data zake huwa wazi kwa watafiti baada ya muda ambao wamiliki huzitumia peke yao kupita, na ni huko ambako wanafunzi wetu wameanza kujifunza kukata upimaji mrefu katika vipande vya dakika kabla ya kuamini picha ya saa nzima.

Jambo la pili ni kuupima mwinamo wenyewe. Njia iliyotumika kwa MAXI J1820+070 inaweza kutumika hapa: polaraizesheni ya mfumo utakapotulia, ikilinganishwa na wastani wa mielekeo ya madonge mengi ya redio, itasema kama mhimili wa shimo jeusi na mhimili wa obiti vinatofautiana, na kwa digrii ngapi. Pembe hiyo ikiwa ndogo sana, modeli ya 2019 haitaweza kueleza mtawanyiko wa zaidi ya digrii 30, na itabidi watafiti warudi kwenye vile vipande 103 kutafuta mrushaji mwingine.